Nani Atapewa Gari-Nyumba la Mama Impi

Ijumaa, 29 Agosti

Mshtuko kabla ya kahawa kupoa. Mama mkwe wangu, Mama Impi, miaka themanini na tatu, ameuweka ufunguo wa gari-nyumba lake mezani na kusema haendeshi tena. Miaka ishirini na sita ameliendesha yeye tu. Sisi wengine hatukuruhusiwa hata kupiga honi. Jumatatu, sikukuu ya wafanyakazi hapa Marekani, kabla hatujavunja kambi, atatangaza nani analichukua. Mimi au mwanawe Wendell.

Jiko, friji, vitanda vya watu sita, choo na bafu, vyote juu ya magurudumu. Nimelitamani tangu siku ya kwanza nilipoliona. Lazima niwe mimi.

Nimeendesha mwenyewe hadi kambini, kando ya Ziwa Superior. Ndani: mke wangu Marlys, mjukuu wetu Saima wa miaka tisa anayefungua shule Jumanne, na Mama Impi kiti cha mbele akikanyaga breki ambayo haipo. Wendell alitufuata na pikapu na hema lake.

Mpango wa kwanza. Kuingiza gari-nyumba kiwanjani kwa rivasi ni mtihani, na kambi nzima hutoa viti nje kuangalia. Nikampa Wendell ufunguo kwa adabu zote, aaibike mbele ya mama yake. Akaurudisha. "Dereva ni wewe, shemeji. Mimi nani?" Nimeshtuka. Mtu huyu hajanisifu tangu nimwoe dada yake.

Ikabidi nirudi nyuma mwenyewe. Marlys alipunga mikono, nikadhani anasalimia watu. Nikaangusha nguzo ya bomba la maji. Maji yakaruka juu ya paa. Mzee wa kiwanja cha jirani alibeba kiti chake akasogea karibu, aone vizuri. Wendell akamwambia Mama kwamba bomba lile lilikuwa mahali pabaya tangu zamani. Nimeshtuka tena. Anapanga kitu.

Jumamosi, 30 Agosti

Sikulala. Gari limeinama upande. Marlys anauliza kama nilitumia pimamaji kabla ya kuegesha. Nimemjibu kwamba mimi nina jicho. Saima ameviringika kutoka kitandani mara mbili na anaomba aviringike tena.

Mpango wa pili. Upepo wa ziwani huja kila mchana. Baada ya kifungua kinywa nilizunguka hema la Wendell, nikalegeza vigingi vyote. Hema likiruka, Mama atajionea mwenyewe: asiyeweza kusimamisha hema, utampaje nyumba? Kisha nikakaa kwenye kiti changu, mkao wa kula.

Saa saba upepo ukaja. Hema likaanguka lote. Chini ya turubai ikatoka sauti ya Mama Impi, ikiuliza kama kambi hii ina mwenyewe.

Alikuwa amejilaza humo kwa sababu kitanda chake kwenye gari kinammwaga. Tulimtoa kichwa kwanza, kofia bado iko sawa, kiatu kimoja hakijulikani kilipo. Akauliza nani alikaza vigingi. Wendell aliviangalia. Akaniangalia. Nikaangalia ziwa. Halafu akasema, "Ni mimi, Mama. Nilifanya haraka."

Mimi ningemtaja yeye kabla swali halijaisha. Marlys ameniambia nile samaki wangu ninyamaze.

Jumapili, 31 Agosti

Asubuhi Mama Impi alinung'unika kwamba tangu auze shamba na kuhamia ghorofani mjini, miaka sita sasa, hajapata sauna ya maana. Sauna ya hoteli, alisema, ni kabati lenye taa. Kwetu sisi wenye asili ya Ufini hili si jambo dogo. Mtu anaweza kuvumilia kukosa nyama, lakini si kukosa kujifukiza Jumamosi. Na Jumamosi ilikuwa imeshapita.

Nikaona mlango umefunguka. Wendell alikuwa anavua samaki. Nikaokota mawe ufukoni, nikayaweka kwenye moto saa mbili nzima hadi yakawa mekundu. Nikayatia kwenye ndoo ya chuma, ndoo nikaiweka bafuni kwenye gari. Bafu ni dogo, lakini na Mama ni mdogo. Nikamkatia hata fagio la majani ya mti wa mbetula la kujichapia mgongo, kama desturi ya sauna ilivyo. Akaingia na kopo lake la maji ya kumwagia mawe. Tukasikia mvuke ukilia, kisha Mama akaanza kuimba. Marlys, aliyekuwa jikoni akioka pai za nyama, aliniangalia kama zamani za uchumba wetu. Nilijiona tayari nimeshika usukani.

Dakika kumi na mbili hivi. Kisha harufu.

Kumbe sakafu ya bafu ni ya plastiki. Sijui nilifikiri ni ya nini. Ndoo ilizama taratibu, ikapita sakafu, ikapita tangi la maji machafu lililo chini yake. Pakatokea mshindo. Mvuke wa maji ya siku tatu ukapanda kwa njia ya sinki la jikoni na kutua juu ya pai. Nilidhani nimemuua mama wa watu. Mlango ukafunguka. Mama Impi akatoka na taulo, mwekundu mwili mzima, hana hata mkwaruzo. Akatupita, akaenda kuingia ziwani.

Saima alichungulia bafuni. "Babu, naona nyasi."

Nimekwisha. Wendell aliporudi nilingoja aanze kucheka. Akashika bega langu mbele ya Mama na kusema hajawahi kuona mkwe anayejali kiasi hiki. Machozi yalimlengalenga. Nimeshtuka mpaka nikakosa hamu ya kula. Pai zenyewe hazikulika.

Jumatatu, 1 Septemba

Tumekaa kuzunguka kahawa. Mama Impi akasema, "Lyndon, mwanangu, gari ni lako."

Wendell alipiga makofi kabla jina halijaisha. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nimeshinda! Na shimo langu na yote.

"Nami nimo ndani yake," akasema Mama.

Ghorofani amesharudisha funguo. Kuanzia leo anaishi kwenye gari. Majira ya baridi linakwenda Arizona kwenye jua, yeye ndani, miezi sita, na dereva ni mimi. Alikuwa hajaamua aende na nani, hadi jana alipokuwa kwenye mvuke. Mtu anayejua kuchoma mawe, alisema, ndiye wa kuzeeka naye.

Wendell akanikumbatia. Mama alimdokeza mwezi wa saba kwamba atakayepewa gari atapewa na yeye, na tangu hapo hajala kwa raha. "Asante, shemeji. Mungu akuweke." Nikamgeukia Marlys: alijua? Alijua. Anasema aliniambia mara tatu, na kila mara nilimwambia asinivuruge, nawaza.

Wendell ameondoka akipiga honi hadi barabara kuu.

Jumanne, 2 Septemba

Saima yuko shuleni. Gari liko mbele ya nyumba yangu. Mama Impi ameshaingia jikoni kwetu kuonja kahawa, akaimwaga, akapika upya. Sakafu anataka nirekebishe kabla ya Arizona, na sauna mara mbili kwa wiki.

Sijashindwa. Nimepata mpango, na safari hii nimefikiri vizuri. Nitamwekea humo jiko la chuma la kuni. Mawe mara tatu ya yale. Joto la kumtoa mtu mbio, kila siku, mpaka asalimu amri mwenyewe na kuomba apelekwe kwa Wendell. Marlys anasema niketi nifikirie tena. Nifikirie nini? Bibi wa Kifini, miaka themanini na tatu: atavumilia joto mpaka lini? Nampa wiki moja.