Malalamiko ya Mtu wa 17

Mwalimu Elinipa (mstaafu),
Kwa anwani ya Usharika,
Barabara ya kwenda Momela,
Arusha.

14 Februari 1998

Kwa Mhariri,
Jarida la Kinga ya Mwili na Maradhi ya Ubongo,
Ulaya.

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima. Kwa jinsi ofisi yako inavyopima uzima huenda hata wewe huna hakika, lakini mimi nakutakia tu.

Mimi ndiye Mtu wa 17. Hatujaonana, ila umenichapa, nami nasema kuchapa kwa maana zote mbili, katika ukurasa wa 212, jedwali la pili: "Mwanamke, miaka 71, mwalimu mstaafu, usahaulifu wa kiwango cha kati." Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hata ninyi mlitupima kwa Kiswahili, na mtakavyoona hapa chini, hamkukiweza.

Dk. Frederick, aliyekuletea makala ile na anayefanya kazi huko kwenu, ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma darasa la kwanza. Kazi zake nazifahamu. Kabla ya hii alikuwa na makala kumi na moja, tisa za panya na mbili za damu, na zote aliniletea nikaziweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo. Alinieleza kwamba mwilini mna askari wanaotukinga na maradhi, na kwamba uzeeni askari hao wakati mwingine huchanganyikiwa, wakaingia kwenye ubongo na kuuharibu polepole. Nikamwambia, "Yaani sungusungu wanaokwenda kumsaka mwizi, wakaishia kumpiga mwenye nyumba." Akacheka, akasema, "Shangazi, ungekuwa profesa." Kwa hiyo sina ugomvi na sayansi. Ugomvi wangu ni na ninyi, nao nauweka kwa namba kama nilivyozoea.

1. Mlituahidi kwamba majina yetu yatafichwa. Ni kweli, mliyaficha. Lakini mliandika kijiji, umri na kazi ya kila mtu. Katika kijiji chetu mwalimu mstaafu wa kike ni mmoja, na mrina asali wa miaka 78 ni mmoja. Hiyo ni sawa na kumfunika mtu uso kwa leso na kumwacha mwili wote nje.

2. Saa. Hapa naomba ukae chini.

Mwaka 1995 Frederick alikuja kuchukua damu za wazee arobaini. Yeye alikuwa chumba cha ndani cha zahanati na sindano zake. Nje kulikuwa na msaidizi wake, binti mpole kutoka mjini, mwenye fomu iliyotafsiriwa huko kwenu. Fomu ilisema: "Chora saa inayoonyesha saa kumi na moja na dakika kumi." Aliyeipata aliandikwa mzima papo hapo na kupelekwa kwenye sindano. Aliyeikosa aliandikwa mgonjwa, akaendelea na maswali ya kupima kiwango.

Nikachora. Mshale mfupi kwenye tano, mrefu kwenye mbili. Ndugu Mhariri, hapa kwetu jua likichomoza ni saa kumi na mbili, si saa sita. Saa kumi na moja, mshale uko kwenye tano. Hata mtoto anayenyonya analijua hilo, kwa kuwa ndipo mama yake anapotoka shambani. Binti akaangalia karatasi ya majibu kutoka kwenu, akaona mshale umechorwa kwenye kumi na moja. Akanitazama kwa huruma, akaniwekea alama ya mkasi.

Akaanza kuniuliza leo ni siku gani, na mia ukitoa saba inabaki ngapi. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimefundisha kutoa kwa miaka thelathini na mbili. Mwalimu hapimwi na aliyekuja bila chaki." Nikanyamaza. Ukimya wangu mmeuandika kuwa ni dalili.

Pamoja nami, wazee thelathini na wanane walichora hivyo hivyo. Wote ni wagonjwa, lasema Jarida lako, na mabingwa wenu watatu wanaokagua makala wakasoma wakashangaa jinsi mlima huu wa Meru ulivyo na usahaulifu mwingi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza wazee hao wote hufikaje nyumbani.

3. Wawili walipata. Wa kwanza ni Mzee Dismasi, aliyekuwa mpishi wa wamisionari na mpaka leo anahesabu saa za kizungu. Wa pili ni jirani yangu Mzee Elimringi, mrina asali, ambaye ndiye Mtu wako wa 31, "mzima kabisa".

Mzee Elimringi ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua. Lakini tangu mwaka 1993 amekuwa akimwita mkewe, Mama Susana, kwa jina la dada yake aliyefariki, na mara mbili tumemkuta kanisani Jumanne akisubiri ibada ianze. Aliposikia "kumi na moja" alitafuta tarakimu hizo kwenye duara, akazifurahia, akauelekeza mshale hapo. Alikosea, ndiyo maana akapata. Na damu yake ndiyo mliyoitumia kama damu ya mtu mzima, mkazilinganisha nayo damu za sisi wengine.

4. Sasa yaliyotupata. Mzee Elimringi amepakana na mtu anayeitwa Bariki, mfanyabiashara wa mitumba pale Levolosi mjini. Tangu biashara ziwe huria na magari ya watalii yaongezeke kwenda Momela, Bariki alitaka kujenga nyumba ya wageni, na eneo lake halikutosha. Mwaka jana wakati wa kiangazi aliyang'oa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, akayahamishia hatua kumi na nne ndani ya migomba ya Mzee Elimringi. Kwetu kung'oa sale ni jambo ambalo hata mwizi wa kuku hulionea aibu.

Mama Susana alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Sadoki. Baraza likaitwa, nami nikaenda kutoa ushahidi, kwa sababu mpaka ule ulipopandwa mwaka 1963 mimi ndiye niliyeshika kamba. Wengine wote waliokuwapo wamelala makaburini.

Bariki akasimama na nakala ya Jarida lako. Frederick alikuwa ameigawa kwa wazee kwa fahari, na Bariki akamtafuta mwanafunzi wa chuo akamtafsiria. Akasoma mstari wa 17. Watu wakaniangalia. Kisha akasema, "Mwenyekiti, wataalamu wa Ulaya wamesema huyu mama amesahau. Na wamesema Mzee Elimringi ni mzima. Basi aulizwe mwenye shamba mwenyewe."

Sadoki akamuuliza kwa heshima zote, "Mzee wetu, shikamoo. Mpaka wako na Bariki uko wapi?"

Mzee Elimringi akamtazama Bariki kwa upendo, akamwita kwa jina la marehemu kaka yake, akasema, "Mpaka wa nini kati ya ndugu? Chukua mpaka kwenye mizinga." Mizinga iko nyuma ya nyumba yake. Karani akaandika kwamba Bariki ameshinda.

Mama Susana hakulia. Alimfunga mumewe kifungo cha koti, akamshika mkono wakaondoka. Mimi nilibaki nimesimama na ushahidi wangu kama mtu aliyeleta chungu kwenye harusi iliyokwisha.

5. Frederick alikuja likizo ya Krismasi. Nilimpikia, akala, kisha nikamuuliza, "Frederick, saa ngapi?"

"Saa nane na robo, shangazi."

"Nionyeshe."

Akanyoosha mkono wenye saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili.

"Nionyeshe hiyo nane iko wapi."

Akacheka. Kisha kicheko kikakauka. Aliinuka, akafungua mkoba wake, akaitoa ile fomu, akaisoma kwa sauti polepole kama alivyokuwa akisoma darasa la kwanza, kidole chini ya neno. Akakaa juu ya gunia la kahawa. "Shangazi," akasema, "miaka mitatu ya kazi." Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, lakini sikuweza. Nikamsogezea chai.

Akaniambia kwamba akiikana makala hii huenda asipate kazi nyingine huko. Nikamjibu kwamba hilo ni lake kuamua, na kwamba Baraza hukaa Alhamisi. Alhamisi akaja. Akasimama mbele ya watu wote akasema, "Kosa ni langu. Shangazi yangu ni mzima. Mzee Elimringi ni mgonjwa, na mimi ndiye niliyemwandika mzima." Mama Susana akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake: "Daktari, nimemgombeza mwaka mzima. Nilidhani ananifanyia makusudi, kwa kuwa ninyi mlisema hana kitu." Frederick akapiga magoti mbele yake.

Tukaenda shambani. Nikasema, "Kutoka jiwe la kisima, hatua sitini na tatu." Sadoki akahesabu mwenyewe. Kwenye ya sitini na tatu hatukuhitaji jembe: kwa mvua za mwaka huu, vishina alivyoviacha Bariki ardhini vilikuwa vimechipua, mstari mmoja mpaka barabarani. Bariki akasema hajui vimefikaje. Amerudisha hatua zote kumi na nne, na Frederick amempeleka Mzee Elimringi kwa daktari mjini.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Frederick alikuandikia akiomba makala ifutwe, nawe ukamjibu, nanukuu alivyonitafsiria, kwamba "dosari ndogo ya tafsiri haiathiri hitimisho." Ndugu Mhariri, hitimisho lenu limelala hatua kumi na nne ndani ya shamba la mtu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Makala ifutwe, na ukurasa wa 212 uchapwe upya ukisema kwa herufi kubwa kwamba Mtu wa 17 ana kumbukumbu kamili.

(b) Mabingwa wenu watatu waje Meru wapimwe na sisi. Watachora saa moja asubuhi.

(c) Wakishindwa, wapimwe wazee wote wa nchi zenu kwa saa zetu. Nina hakika bara zima litakutwa halijiwezi, na hapo tutakuwa tayari kuwachangia ndizi.

(d) Mpaka hapo mtakapojibu, kila mhariri aandikwe "usahaulifu wa kiwango cha kati", kama tahadhari.

Nimalize kwa kukutakia kazi njema. Nisalimie mabingwa watatu, karani wako, mkeo au mumeo, na panya wa zile makala tisa za Frederick kama wangali hai. Wao angalau hawakuulizwa saa.

Wako katika kazi ya elimu,
Mwalimu Elinipa

N.B. Barua hii nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena. Tangu siku ile ya shambani sina raha. Asubuhi hii Sadoki ameniletea kesi nyingine saba za mipaka. Usharika unataka niandike historia yake kwa ajili ya jubilei, na kwaya imenichagua katibu nikiwa sipo. Mbaya zaidi, familia mbili zimekuja kila moja kwa wakati wake zikitaka niseme mtoto fulani alizaliwa mwaka gani, na mwaka ule naukumbuka vizuri kuliko watakavyopenda.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, Mtu wa 31 mrekebishe upesi, tafadhali sana. Mtu wa 17 mwache kama alivyo, na kama nafasi ipo, mwongeze kiwango. Nitumie nakala tano za ukurasa huo nibandike mlangoni. Na mtu yeyote akija kuniuliza habari za barua hii, mimi sikumbuki kuiandika.