Attendance Niliyoipeleka Kamakis

Leo nimejivua nguo mbele za watu, na nilikuwa nimevaa suti.

Mimi ni mgeni kazini. Mdosi wangu, Madam Njeri, anafungua chuo cha mapishi Thika, na leo asubuhi alikuwa na hafla ya kukitambulisha kwa wazazi, kwenye ukumbi mmoja huko Kamakis. Juzi alinipigia simu. Laini ilikuwa inakwaruza.

“Karanja, wewe utashughulikia attendance.”

“Sawa, Madam. Unataka wangapi?”

“Wengi! Ukumbi ujae mpaka wengine wasimame.”

“Si watasimama wote?” (Nilimuuliza kwa heshima kabisa.)

“Wakisimama wote pia ni sawa, bora waje.”

Mimi nilisikia attendants. Wahudumu! Nikaenda mtaa wa Kahawa Wendani, nikatafuta wanafunzi wanaosaka vibarua. Mashati meupe, tai nyeusi za kipepeo. Nikawafunza mpaka kuinama. (Kimoyomoyo nilikuwa nishajipandisha cheo.)

Leo Madam akaingia na mgeni wa heshima, mzee mmoja mpole kutoka Nairobi. Vijana wangu walikuwa wamejipanga mistari miwili, kutoka mlangoni hadi jukwaani.

“Karibuni sana!” wakasema kwa sauti moja. Ngai! Nilisikia raha.

Mzee akatazama viti. Vyote vitupu.

“Wageni wako wapi?”

“Wageni ni nyinyi,” nikamjibu, meno yote nje.

Madam akanigeukia polepole. “Karanja, attendance iko wapi?”

Nikaonyesha ile mistari kwa mkono wote. “Si ndio hawa, Madam. Hakuna hata mmoja amekosa.”

Kisha mzee akaanza kucheka, akavuta kiti akae acheke vizuri. Madam hakucheka.

“Nyinyi, toeni hizo tai. Ketini. Kuanzia sasa ni wazazi.”

Wakaketi. Wakasikiliza hotuba, wakapiga makofi kweli kweli. Mmoja hata akauliza kama binti yake atapata bweni. (Huyo hana hata paka.)

Chai ikafika. Wa kuigawa hakuna. Nikazunguka na birika peke yangu, suti imelowa jasho, na wale wale niliowafunza kuinama wananiita kwa kidole: “Attendant! Yangu haina sukari!”

Madam hajanifuta kazi. Amesema tu kuanzia leo maagizo ataniandikia, hatanipigia simu tena.

Jameni, attendance kwa Kiswahili ni “mahudhurio”. Halifanani na neno lingine lolote. Litumieni, na msinicheke.