Wageni Wanne Katikati ya Uwanja

Jumanne, 8 Julai 2025

Wageni wanne watafika Jumamosi. Amesema Precious, afisa utalii wa wilaya, kwa simu, saa 4:10 asubuhi. Ni watu wa kampuni ya utalii, wanatafuta kijiji kimoja tu cha ufukweni cha kuingia nacho ubia, watalii wawe wanalala na kula majumbani mwa wanakijiji. Ama sisi Bukolwa, ama wenzetu wa ng'ambo ya ghuba. Wakituacha, hawarudi tena.

Katibu wa kamati ya utalii ni mimi. Nilikwenda ziwani kufikiri. Maji yametulia kama maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu. Wadudu wa ziwani wamepanda juu kama moshi wa kijiji kisichokuwepo. Nikaona yote: taa ndogo juu ya mawe, watalii pekupeku, mimi na kofia ya ukindu. Niliota hadi saa nane. Chakula cha mchana kimenipita.

Jumatano, 9 Julai

Wazo! Ngoma. Tunavyo vyama viwili, Bagalu na Bagika. Hucheza uwanja mmoja, saa ileile, huku na huku. Watazamaji wakihamia upande mmoja, huo umeshinda. Wasipohama, ngoma haiishi. Mgeni ataelewa nini hapo? Nitaviunganisha. Chama kimoja, sare moja, dakika thelathini.

Kashindye, manju anayeongoza ngoma ya Bagalu, alicheka mpaka akakaa chini. Chenge, manju wa Bagika, hakucheka. Aliniuliza kama na mke wangu nitamuunganisha na wa jirani ili nipate mmoja mzuri. Mke wangu alikuwa anapita. Akasimama kusubiri jibu.

Alhamisi, 10 Julai

Mwalimu Felicitas, mwenyekiti wa kamati, mstaafu, mtu wa Bukoba, ameshauri tuwakalishe manju wote wawili wapange wenyewe. Nilimpa shikamoo nyingine, nikaondoka. Ushauri wa watu wasio na mbinu!

Saa 5 nimemwambia Kashindye kwamba Bagalu peke yao ndio waliochaguliwa, ila anyamaze, Chenge asije akaumia. Saa 7 nimemwambia Chenge hivyohivyo. Atakayewahi atacheza. Atakayechelewa ataona aibu, atarudi nyumbani. Safi kabisa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepanga viti vinne katikati ya uwanja, ili ziwa lionekane kwenye picha. Hatua arobaini kulia hadi ukingo wa uwanja, arobaini kushoto. Nikajaribu kimoja. Upepo ulikuwa mwanana. Felicitas, aliyekuwa anapara sato tangu asubuhi, aliniamsha, akaniuliza kama kiti kimefaa.

Jumamosi, 12 Julai

Wageni wamefika saa 5:20. Bagalu 5:35, kutoka mashariki, wakirusha majembe yao ya kuchezea. Bagika 5:36, kutoka magharibi. Manju wote wakaniangalia. Hakuna aliyeona aibu. Mcheza ngoma wa huku akimkuta mpinzani uwanjani hufurahi. Nilizaliwa hapa, na bado jambo hilo lilinitoka.

Kijiji kizima kilisimama nyuma ya wageni, kwa heshima, kikisubiri wao wachague upande kwanza. Wageni, kwa heshima, hawakusogea. Nilikuwa nimewaambia wasiinuke.

Saa 7. Saa 8. Sato wamepoa. Precious aliniuliza ngoma inaisha lini. Nikasema karibu. Vumbi likageuka dhahabu, majembe yakapaa polepole kama ndege, nikasahau kabisa kwamba kosa ni langu. Saa 9:15 mzee mmoja wa Bagika akadondoka. Akapepewa. Akarudi kucheza.

Saa 9:40 mkuu wa wageni alisema gari lao linaondoka saa 11, na hawawezi kuchagua kijiji ambacho hawajaingia hata nyumba moja. Nilimwambia Precious tuombe mvua. Ni Julai.

Felicitas alifuta mikono kwenye kanga, akaingia uwanjani. Wageni wawili akawashika mkono, akawapeleka mashariki. Wawili akawaelekeza magharibi. Kijiji kikapasuka vipande viwili nyuma yao. Kila manju akatazama upande wake, akaona umejaa. Ngoma zikanyamaza.

"Leo umepona, bwana," Kashindye akamwambia Chenge.

"Nimekustahi tu mbele ya wageni," Chenge akajibu.

Wakaenda wote nyumbani kwa Felicitas, wageni kwa wachezaji, wakala sato baridi. Mimi nilibeba viti.

Jumapili, 13 Julai

Bukolwa tumechaguliwa! Precious amepiga saa 3. Kuna sharti: manju wote wawili waingie kwenye kamati, na katibu abadilishwe. Mkutano ulipiga kura baada ya ibada. Sitini na mmoja wanataka nitoke, mmoja nibaki. Mkono wa mke wangu ulinyooka kabla swali halijaisha.

Felicitas ana huruma. Amenipa kazi moja: kuchagua nyumba watakayolala watalii wawili wa kwanza. Wenye vyumba tayari ni wawili tu, Venant na Odeta.

Jumatatu, 14 Julai

Venant amenunua kitanda cha mninga. Kwa Odeta, mlango unatazama ziwa. Alfajiri mawe huelea juu ya ukungu kama ng'ombe waliolala. Nani awe na moyo wa kumnyima mmoja wao?

Saa 4:30 nimemwambia Venant kwamba amechaguliwa yeye peke yake, ila anyamaze, Odeta asije akaumia. Amefurahi sana. Sasa ni saa 5, natoka kwenda kwa Odeta. Watalii wanafika Jumamosi, 26 Julai, saa 4 asubuhi.