Vigingi Mia Sita na Kumi na Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kishikwambi. Kipya, bado kina nailoni usoni. Mkuu wa Idara ya Makaburi na Bustani amenikabidhi mbele ya ofisi nzima, nikasaini sehemu tatu. Saini ya tatu haifanani na ya kwanza. Nimeshinda nikiwaza kama hilo ni kosa la kinidhamu.

Kazi yenyewe: halmashauri inaingia kwenye mfumo. Makaburi yenye mawe ya majina hayana shida. Iliyobaki ni sehemu ya vigingi, kule nyuma, wanakolala watu ambao ndugu zao hawakuweza kujenga. Kila kaburi lina kigingi cha chuma chenye namba, basi. Viko mia sita na kumi na viwili. Natakiwa kwenda na mtunza makaburi, nisimame kando ya kila kigingi, niandike namba na jina kutoka kwenye daftari lake, nibonyeze kitufe cha kijani. Kifaa kinajua chenyewe mahali kilipo. Baada ya hapo mwananchi ataandika jina la marehemu wake kwenye simu, na simu itampeleka mpaka pale pale.

Uzinduzi tarehe 14. Tarehe 17 kamati inakaa kuamua kama nathibitishwa kazini au narudi kukaa nyumbani na cheti changu cha daraja la kwanza.

Kuna jambo Mkuu halijui. Naogopa makaburi. Sijawahi kuingia mle hata mara moja. Ofisi yetu inatazamana nayo, na kiti changu nimekigeuza mgongo dirishani.

Na kigingi namba 347 ni baba yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nilifika getini mapema. Mtunza makaburi alikuwa ananisubiri. Wote wanamwita Mzee Vigingi, kwa sababu amevipigilia mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa miaka thelathini na moja. Daftari lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akasema twende kabla jua halijawa kali. Nikamwomba nisome kwanza maelekezo ya kifaa. Akasubiri. Yana kurasa nne, moja ni ya dhamana. Nikazisoma mara mbili.

Kisha tukaenda. Nilifika mstari wa kwanza. Mjusi akakatiza. Nikamwambia mzee tumbo linaniuma.

Pole mwanangu, akasema. Wengi huwauma hapo hapo.

Nyumbani mama aliuliza kama nimepita kwa baba. Nikasema bado hatujafika mstari wake. Baba alifariki miaka minne iliyopita, nikiwa kwenye mitihani ya mwisho. Walinificha mpaka nilipomaliza karatasi ya mwisho. Nilipofika nyumbani watu walikuwa wameshatawanyika na viti vya kukodi vimerudishwa. Tangu hapo mama huenda kila mwisho wa mwezi. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya hatua tatu. Anahesabu mistari kumi na moja kuanzia kwenye bomba, kisha anapapasa vichwa vya vigingi kwa kiganja. Cha saba ndicho. Kila mwezi ananiomba nimsindikize. Mara ya mwisho nilisema nina mafua. Akajibu kwamba hajasikia marehemu aliyeambukizwa mafua.

Jumatano, 5 Machi

Chaja amemaliza kazi yake. Chaja ni ofisa wa Tehama, anatembea na waya wa chaja shingoni kama daktari na kipimo chake. Alipewa taa za barabarani, mia tisa. Siku mbili tu! Amepita mezani kwangu akauliza wangu wamefikia wangapi, au bado wanapiga usingizi. Ofisi ikacheka. Mimi pia nilicheka, kwa tahadhari.

Hapo ndipo mpango uliponijia.

Kibanda cha mlinzi kiko ndani ya geti. Kina sakafu ya saruji, feni, soketi, na kiti chenye mto. Kifaa kabla ya kuanza kinauliza swali moja: je, upo ndani ya eneo la makaburi? Kibanda kiko ndani ya ukuta. Nikajibu ndiyo. Hakuna mahali nilipodanganya.

Nikaazima daftari kwa mzee, nikakaa. Namba, jina, kijani. Namba, jina, kijani. Wasiwasi ulikuwepo kidogo kuhusu kifaa kujua mahali kilipo. Nikajiambia kwamba setilaiti inaona kila kitu, itawapanga yenyewe. Mia mbili na kumi kabla ya kufunga ofisi.

Mzee Vigingi alikuja kuchukua maji. Alitazama chini, akasema viatu vyangu havina vumbi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza. Siku tatu tu.

Jana alasiri nilifika 347. Vidole vikagoma. Mlinzi akaniuliza kama mtandao umekata. Nikaandika majina ya baba, yote matatu, nikakagua herufi moja moja. Nikabonyeza kijani. Ikaja alama ya vema na neno moja: Imehifadhiwa. Mazishi yake sikuyawahi. Nilikaa pale kwenye mto, feni ikinipuliza shingoni, mpaka mlinzi akaomba kiti chake.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu amenisifu kikaoni. Kijana wa mfano, amesema. Chaja akaangalia dari. Raha niliyoisikia haikufika dakika tano.

Kwa sababu Mkuu aliendelea. Kwa kuwa sasa kila kaburi limo kwenye mfumo, vigingi havina kazi tena. Vina kutu, vinaharibu visu vya mashine ya kufyekea nyasi, na Meya hapendi kutu. Ving'olewe kabla ya uzinduzi. Na kwa kuwa vigingi havipo, mtunza vigingi naye apumzike. Mkataba wake hautaongezwa.

Nikasimama. Naapa nilisimama. Watu wote wakanigeukia. Niliyapanga maneno kichwani, yote yalikuwepo, na mkosaji katika kila sentensi alikuwa mimi. Mkuu akasema, ndiyo kijana, tunakusikiliza.

Nikasema naunga mkono hoja.

Jumatano, 12 Machi

Wameving'oa. Vibarua wanne, tangu asubuhi. Kigingi kikitoka ardhini kinalia kama mlango wa zamani. Sikugeuza kiti, lakini masikio hayana pa kugeuzia. Rundo liko nyuma ya stoo. Mzee Vigingi alikaa juu ya toroli muda wote, kofia magotini, kama mtu aliyeletwa hospitali akaambiwa asubiri.

Saa nane alikuja dirishani kwangu. Anaondoka Jumapili alfajiri kwenda kwa binti yake, mbali, na harudi. Nikamwambia pole, mzee. Akasema mipango mizuri, mashine nzuri, ila kuna jambo linamsumbua. Jana alimwomba Chaja amwoneshe yule bibi wa mstari wa tatu kwenye mfumo. Chaja akamwonesha. Yuko kwenye kibanda. Na mumewe yuko kwenye kibanda. Na wale pacha wa mstari wa tisa, nao wamo humo humo kibandani.

Nilishika meza.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema mistari haimo kichwani mwake, imo miguuni, akitembea inakuja. Nije Jumamosi saa moja asubuhi na hicho kifaa, atatembea mbele mimi nibonyeze nyuma, tutaokoa tutakaowaokoa. Wakitushinda wote, basi angalau wa kwenu, mwanangu. Mia tatu arobaini na saba nakupeleka nimefumba macho.

Kumbe alikuwa anajua siku zote.

Nikamwahidi. Saa moja kamili.

Ijumaa, 14 Machi

Uzinduzi. Turubai, viti vyenye vitambaa, kipaza sauti kinachokoroma. Nyuma yetu uwanja wa nyasi, umefyekwa sawasawa, hakuna hata kigingi. Meya alisema panapendeza kama uwanja wa mpira.

Akabonyeza skrini. Ramani ikafunguka. Nukta moja nyekundu getini, na ndani yake 612.

Meya akauliza wamefanyaje hawa, wana mkutano? Mkuu akanitazama.

Aliyeniokoa ni Chaja. Akachukua kipaza sauti, akaeleza kwamba hiyo ndiyo teknolojia, Mheshimiwa, mfumo unawaweka pamoja ili ramani isijae, ukikuza wanaachana. Meya akakuza. Hawakuachana. Chaja akasema leo mtandao uko chini. Watu wakapiga makofi.

Nyuma ya turubai nilimshukuru. Sikuelewa kwa nini amenisaidia. Akaniambia taratibu, huku akijiviringishia waya kidoleni, kwamba taa zake mia tisa zote ziko kwa kinyozi wake. Kwa hiyo mimi na wewe sasa ni ndugu, akasema. Ukianguka wewe, kesho wananihesabia taa.

Jumamosi, 15 Machi

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimevaa. Viatu vya kazi, si vile vya ofisini. Kishikwambi kimejaa chaji. Nilitoka. Hilo liandikwe: nilitoka.

Kwenye kona kabla ya geti nilisimama. Nilimwona. Amevaa koti lake la uzinduzi wa jana, ana fimbo na chupa mbili za maji. Yake na yangu. Nyuma yake ule uwanja mtupu. Nikawaza tutakavyotembea, tutakavyofika, atakavyosimama aseme ni hapa. Nikawaza nitakavyofanya baada ya hapo na mikono yangu.

Nikarudi nyumbani. Mama aliuliza mbona mapema. Nikasema mzee hakutokea.

Jumatatu, 17 Machi

Nimethibitishwa kazini. Mwenyekiti wa kamati aliuliza changamoto kubwa ya mradi ilikuwa ipi. Nikajibu: kufikika kwa eneo. Wote wakaandika.

Mlinzi ameniambia Mzee Vigingi alisubiri mpaka saa nne. Kisha akamwachia ile chupa ya pili ya maji, akasema kijana akija atakuwa na kiu.

Imo kwenye droo yangu. Siwezi kuinywa na siwezi kuitupa.

Jumatano, 19 Machi

Nimeamua kumwandikia mzee. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili iliomba msamaha mara saba. Ya tatu ilikuwa nzuri, fupi, ya kweli. Sijaituma. Barua ni ushahidi.

Jumamosi, 29 Machi

Leo ilikuwa siku ya mama ya kwenda kwa baba. Majirani wamemwambia vigingi havipo tena, ila kuna mfumo. Akasema kwa kuwa mfumo wenyewe ameutengeneza mwanawe, basi mwanawe atamsindikiza. Sikuwa na mafua. Nilijaribu kukohoa, akanipa kanga yake niishike.

Mama alishika simu mwenyewe, sikioni, kama anaongea na mtu. Sauti ikasema pita getini. Ikasema geuka kushoto, hatua nne. Ikasema umefika.

Mlinzi alinitazama. Nikatazama viatu vyangu. Akainuka, akavua kofia, akasogeza kiti chake taratibu kisitoe mlio.

Mama alisema karibu hivi? Zamani alikuwa anatembea sana. Nikamwambia mfumo umefupisha njia. Akainama, akapapasa. Akatafuta kichwa cha kigingi, hakukipata. Akagusa saruji. Wamemwekea sakafu? Nikasema ndiyo mama, halmashauri imeboresha. Akainua uso. Na upepo mzuri, akasema. Kule alikuwa anapigwa na jua.

Akakaa chini, akakunja miguu, akamweleza. Kwamba mtoto amethibitishwa kazini. Kwamba amekuja mwenyewe leo, ndiye huyu hapa kasimama, usimlaumu kwa kuchelewa, alikuwa anasoma. Kwamba ile mitihani alifaulu yote. Mlinzi akatoka nje.

Mimi niligeuka, nikautazama ule uwanja. Mara ya kwanza, bila kiti, bila dirisha. Majani mafupi, sawasawa, kutoka ukuta mpaka ukuta. Nilianza kuhesabu kutoka kwenye bomba. Nilifika mstari wa kumi na moja, lakini mistari nilikuwa naibuni mwenyewe. Yumo mle. Mahali fulani mle, na anayejua ameondoka na miguu yake.

Mama alinyoosha mkono nimwinue. Ulikuwa na vumbi jeupe la saruji. Akanipangusa machozi kwa mkono huo huo, akasema ningekuja tangu zamani nisingeteseka hivi. Na kwa kuwa sasa ni karibu, atakuwa anakuja kila wiki.

Nilifungua mdomo.

Nikamwambia ni vizuri, mama.

Jumatatu, 31 Machi

Kazi mpya! Mkuu amesema aliyewamudu marehemu hatashindwa na maji. Koki zote za mabomba zilizofukiwa chini ya barabara za mji, elfu moja na arobaini, ziingie kwenye mfumo. Hakuna ramani. Anayejua zilipo ni fundi bomba mmoja mzee, anayestaafu Juni. Nimfuate kwa miguu, mtaa kwa mtaa.

Nimeshakutana naye. Alitaka tuanze leo leo. Nikamwomba kwanza nisome maelekezo.

Safari hii sitarudia makosa. Nimejipanga mapema. Nimeulizia kibanda cha pampu: kipo, kiko ndani ya eneo, soketi inafanya kazi. Feni hakina, ila mlinzi wa makaburi amekubali kuniazima ya kwake, kwa sharti niirudishe kila Jumamosi, mama asije akasikia joto.