Malalamiko Dhidi ya Afya Njema ya Mpangaji Wangu

Bakos, Aleksandria
14 Machi 2009

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumba na Makazi,

Pokea salamu za msomaji wako wa miaka mingi. Mimi ni mwekezaji wa majumba. Majumba yenyewe ni moja, na hilo moja si jumba bali vyumba vinne ghorofa ya nne, mtaa wa Muharram Bey, lakini hata matajiri walianza na mlango mmoja. Nilipostaafu posta nilichukua kiinua mgongo changu chote nikavinunua, ili mwanangu Hatem apate pa kumweka mke. Nimedhulumiwa, bwana, na naomba unisikilize kwa utulivu, maana mimi wangu umeniisha.

Vyumba vile vina mpangaji, Bi Inshirah, mjane wa miaka sabini na tisa, anayekaa kwa mkataba wa zamani. Unaijua mikataba hiyo: kodi ya mwezi hainunui nyama ya kitoweo, na mpangaji haondoki mpaka abebwe. Ndiyo maana niliuziwa kwa theluthi ya bei. Malalamiko yangu ni haya.

1. Bi Inshirah hafi. Siku ya ukaguzi, mimi na dalali Zaghlul tulisimama ngazini tukasikia kutoka jikoni kwake pumzi ikivutwa kwa nguvu, ya kutisha, kisha kimya. Zaghlul akanishika mkono. "Umesikia, ustadhi? Huyu Ramadhani haioni. Lipa leo leo, kesho watakuja wengine." Nikalipa. Nilipomsimulia mke wangu Nagat, alicheka hadi akakaa chini. "We baba Hatem! Alikuwa anatia kitunguu saumu kwenye mlenda! Mlenda bila mpishi kuvuta ile pumzi haunogi, hata mtoto anajua. Miaka thelathini na mbili unakula kwangu, hujapita jikoni hata siku moja?" Mhariri, wajuzi wote wa nyumba hutuambia tukague mabomba, nyufa na paa. Hakuna aliyeniambia nikague mapafu. Ramadhani nne zimeshapita.

2. Anazidi kuimarika. Lifti ilipoharibika majirani walichanga kuitengeneza, nami nikakataa katakata, nikitumaini ngazi zitamfanyia kazi. Zimemfanyia. Zimemkaza magoti. Hupanda na kikapu cha viazi huku akiimba, akinikuta nimekaa ghorofa ya pili natafuta pumzi, na akinipita huniambia, "Pole pole, mwanangu, nyumba haikimbii."

3. Ananilisha. Kila mwanzo wa mwezi nikienda kuchukua kodi na kumtazama rangi ya uso, hunitengea mlenda, wali na sungura wa kuchemsha. Kukataa siwezi, nitaonekana sikulelewa. Nimeongezeka kilo tisa. Daktari ameniandikia vidonge vya presha, na Bi Inshirah ndiye anayenikumbusha kuvimeza. Nauliza: huu ni upangaji au njama?

4. Amemteka mwanangu. Bwana Raghib, baba wa mchumba wetu Mirvat, amesema wazi: "Nyumba kabla ya Idi, la sivyo binti yangu ana binamu anayemngoja." Nikamtuma Hatem akamlilie yule mama ahame. Akarudi na bakuli la mlenda. Sasa kila Ijumaa yuko kule anamtengenezea redio, na Mirvat yuko jikoni anafundishwa kuvuta pumzi. Juzi mwanangu wa pekee ameniambia usoni, "Baba, ile nyumba ina mwenyewe." Iliniuma, Mhariri, sitakuficha. Ni yeye niliyemnunulia.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako lipigie kelele mambo mawili. Kwanza, kila nyumba yenye mpangaji iuzwe pamoja na cheti cha daktari cha mpangaji huyo, na cheti kiseme anapika nini siku hiyo. Pili, mkataba wa zamani ukome mpangaji atimizapo sabini na tano, wala mtoto asiurithi. Karatasi ya marehemu na izikwe naye.

Wasalimie wenzako ofisini, wapiga chapa, na wote wenye nyumba zisizokalika.

Wako mwenye kisa,
Mahrus Dessouki

Nyongeza: Barua hii ilikuwa mezani inangoja stempu, akabisha hodi Hagi Bayoumi, mwenye nyumba hii tunayokaa, ambayo marehemu baba aliipanga mwaka 1961, na mkataba nikaurithi mimi. Kaja na sinia ya keki ya basbusa, kaniuliza hali ya presha yangu, na wakati namjibu macho yake yalikuwa yanapima ukuta wa sebule. Mjukuu wake anaoa. Nikamwambia mkataba ni mkataba. Alipotoka tu, nilikimbilia Muharram Bey kwa mtu pekee ninayemjua aliyewahi kumshinda mwenye nyumba. Bi Inshirah alinisikiliza mpaka mwisho. "Panda ngazi kila siku," akasema, "na mwenye nyumba akija, mlishe." Kisha akasema vyumba vyake viwili vya nyuma ni vitupu tangu afiwe na mumewe, Hatem na Mirvat waje, kimya kimemchosha. Nililia mbele ya sahani yake, mtu mzima mimi.

Basi tafadhali usiichape barua hii, hasa lile ombi la pili. Hagi Bayoumi tumemwalika chakula Ijumaa, na kila mwanzo wa mwezi.