Ombi la Kumhamisha Mama Yangu Kutoka Darasani Kwangu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Jioni,

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Mimi ni mwalimu wako wa hesabu za biashara. Nalalamika rasmi juu ya mwanafunzi wa kiti cha mbele, mfuaji wa mashuka hospitalini, ambaye pia ni mama yangu mzazi. Kazini aliambiwa hatapewa usimamizi wa chumba cha kufulia bila cheti, akaja kukitafuta kwangu. Elimu haina mwisho, nakubali. Uvumilivu wangu unao.

1. Kanuni inataka wanafunzi wasimame mwalimu anapoingia. Mama hasimami. Nami, kwa malezi aliyonipa, siwezi kumpita bila shikamoo. Seremala mzee aliye nyuma yake akauliza, "Kwani sisi wengine ni watoto?" Sasa naamkia safu nzima, na kengele inalia sijafungua kitabu.

2. Nilipokosea kujumlisha ubaoni, mama alisema kwa sauti, "Kibonge, leo umekula kweli?" Hilo ni jina langu la utotoni. Tangu hapo madaftari yote huletwa yameandikwa "Kwa Mwalimu Kibonge".

3. Mtihani wa kwanza alipungukiwa alama tisa ili afaulu. Akanisimamisha mlangoni: "Mimba yako niliibeba miezi tisa, wewe unashindwa kunibebea alama tisa?" Nilikataa. Akaitisha kikao cha ukoo. Baba mkubwa na shangazi walinitia hatiani kwa kumfelisha mzazi, wakaamuru mtihani urudiwe sebuleni, shangazi akiwa msimamizi. Maswali mengi aliyajibu shangazi.

4. Mwanafunzi msumbufu huitiwa mlezi. Mlezi wa mama, na mlipa ada wake, ni mimi. Basi nikajiita ofisini. Nilifika nimechelewa, nikajikaripia, nikajijibu vibaya. Mpaka leo mimi na mimi hatusemeshani.

Kwa hiyo naomba mama ahamishiwe kwa mwalimu mwingine yeyote, hata wa ushonaji.

Wasalimie makarani, mlinzi wa getini, na mkeo, ambaye nasikia naye anataka kujiandikisha. Fikiri vizuri.

Wako mtiifu, japo kwa shida,
Mwalimu wa Hesabu za Biashara

N.B. Sasa hivi nimeambiwa mama amekwisha kuhamishiwa chumba cha pili. Nani kamruhusu? Mwalimu yule hajui kwamba mama husikia kwa sikio la kulia tu, wala kwamba akianza kuelewa hukunja uso; atadhani amenuniwa. Arudishwe kesho kabla ya kipindi. Kiti chake nimekwisha kukipangusa.