Chumba Hiki Hakifai kwa Sanaa

Kigera, Musoma
Jumanne, 10 Machi 1987

Ndugu Afisa Utamaduni,

YAH: OMBI LA BARUA YENYE MUHURI, KUTHIBITISHA KWAMBA CHUMBA CHANGU HAKIFAI KWA SANAA

Naanza kwa kukujulia hali wewe na wote walio ofisini mwako. Sisi huku Kigera tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye ninaumwa chumba.

Jina langu ni Abdulkadiri Kudura, mchoraji. Huenda kazi zangu umezipita bila kujua. Yule ng'ombe kwenye ukuta wa bucha moja ya Bunda, ambaye watoto humwita mbuzi, ni wangu. Maneno PANDENI PAMBA KWA WAKATI kwenye ghala la njia ya stendi ni mkono wangu pia, ingawa herufi mbili za mwisho zilikosa nafasi ikabidi zipande juu. Kwa miaka kumi na minane nimewaambia watu kwamba hizo ni kazi za kutafutia ugali tu, na kwamba picha yangu ya kweli ningali nayo kichwani, nangoja chumba. Miezi sita iliyopita chumba kikapatikana. Ndiyo maana nakuandikia kwa masikitiko makubwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukimya. Bunda tulipanga chumba kimoja kinachopakana ukuta na mashine ya kusaga. Nilikuwa nikisema kila siku, kwa sauti ya kushindana na mashine, kwamba hakuna binadamu awezaye kuchora katika kelele zile, na hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyenisikia. Kisha mke wangu Siwema akarithi nyumba hii ya marehemu mjomba wake, tukahamia. Hapa ni kimya. Saa nne asubuhi unaweza kumsikia kuku akitafakari. Mtu akiketi katika ukimya wa namna hii na kitambaa cheupe alichokiwamba mwenyewe kwenye fremu, huanza kusikia maswali yasiyo na adabu, hasa lile la kwa nini haanzi. Naomba ofisi yako ifanye mpango mashine moja ya kusaga ihamishiwe jirani na kwangu.

2. Rangi. Hapa naomba nisieleweke vibaya, mimi si mpinzani wa sera. Lakini miaka ile ya uhaba, sabuni ilipokuwa ya foleni na sukari ya kibali, mimi nilikuwa msanii anayeheshimika. Rangi hazikuwepo. Nilichanganya masizi ya chungu na mafuta ya taa, nikaloweka bluu ya kufulia, nikachekecha udongo mwekundu wa njia ya Butiama, na kila aliyeniona alitikisa kichwa akasema, maskini Kudura, huyu angepata rangi tungemkoma. Nami nilikubaliana nao kabisa.

Ndipo milango ya biashara ikafunguliwa. Sasa Muharami, mwenye duka la vifaa pale sokoni mjini, ana rangi za kila aina zilizoingilia mpakani Sirari, na mwezi wa Januari aliniita mbele za watu kwamba mzee wa rangi, njoo, dua zako zimejibiwa. Nilipata uziwi wa ghafla. Haukunisaidia, maana nilikuwa na Siwema, na yeye masikio yake ni mazima. Alininunulia makopo saba na brashi tatu. Makopo hayo yamepangwa dirishani hadi leo, hakuna lililofunguliwa, na maelezo ya ubavuni mwake nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi. Kwa heshima zote naiomba Serikali irudishe uhaba wa rangi, si kwa nchi nzima, kwani najua wananchi waliteseka, bali kwa Kigera peke yake.

3. Neno "studio". Kazi yangu ya kwanza humu ilikuwa kuandika jina mlangoni. Siwema alishauri niandike CHUMBA CHA UCHORAJI. Nikamwambia hayo ni maneno yasiyo na hadhi. Nikaandika STUDIO, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano, kwa masalio ya rangi ya bucha, kazi ya siku nne. Kwa bahati mbaya ndiyo kazi nzuri pekee niliyoifanya tangu nihamie. Nilisahau jambo ambalo kila mtu wa Mara analijua, kwamba studio ni mahali pa kupigwa picha.

Wapiga picha wa kweli mjini walikuwa wameishiwa filamu. Mtu wa kwanza kuingia humu alikuwa Jilala, mkulima wa pamba kutoka upande wa Bunda, ndani ya koti la mtumba, nywele zikimeremeta mafuta. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha shingo, akaacha kupumua. Wallahi nilikuwa tayari kumwambia ukweli. Lakini tangu nihamie hapakuwa na mtu aliyevuka kizingiti kuniomba picha, nikaona haya kumkatisha. Nikakohoa. Akadhani tayari. Akasimama, akashukuru, akauliza aje lini kuchukua. Nikamjibu Ijumaa.

Sasa nina watu kumi na mmoja wa Ijumaa. Wote nawaambia picha imeungua, neno nililoliazima kwa wapiga picha wenyewe. Gati, mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba, ameungua mara tatu. Mara ya pili alinitazama kwa mashaka akasema, "Mzee, kule kwetu tulikuwaga tunapigwa na taa. Ya kwako iko wapi?" Nikamwambia mimi natumia mwanga wa dirisha, jambo ambalo ni kweli kwa mchoraji yeyote. Mara ya tatu alikuja ameoga na kunyoa, akiamini kosa ni la uso wake. Picha hiyo anataka kuwapelekea wakwe. Napendekeza wataalamu wa lugha waligawe neno "picha", ya kupigwa ipewe jina lake na ya kuchorwa jina lake, ili nisikutwe tena katika hali ya kutegemewa.

4. Bibi Nyamburi. Lalamiko hili limekaa mbele yangu ninapoandika. Ni mama mtu mzima wa Suguti, amefika asubuhi hii na kitenge kipya ambacho bado kina mikunjo ya sandukuni. Kwa kuwa nimechoshwa na madhambi ya Ijumaa, yeye nilimwambia yote. Mama, sina kamera, mimi nachora kwa mkono, na hata kwa mkono sijachora siku nyingi. Nilitegemea ataondoka. Alinijibu, "Mimi nimeshakaa. Wewe fanyaga kazi yako."

Akanieleza kwamba dada yake alifariki mwaka jana bila kuacha picha hata moja, na tayari wajukuu wanabishana sura yake ilikuwaje. Mmoja anasema bibi alikuwa na mwanya, mwingine anakataa katakata. Yeye hataki kuja kubishaniwa. Baada ya hapo akafunga mdomo, akaweka mikono mapajani, na sasa inakaribia saa sita. Anaamini kwamba haya ninayoandika ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu kila nikiinua macho kutafuta neno, yeye hunyoosha shingo. Naomba kujua kama raia anaruhusiwa kuingia katika chumba cha mtu na kumwamini kiasi hiki bila kibali cha maandishi.

5. Siwema. Hili la mwisho nalitaja kwa ajili ya kukamilisha tu. Chumba hiki ndicho chenye dirisha kubwa, na siku tuliyohamia Siwema aliweka humu cherehani chake. Kesho yake alikibeba mwenyewe akakitoa barazani, akasema yeye anaweza kushona popote, mimi ndiye niliyengoja miaka kumi na minane. Barabara ya mbele ni vumbi tupu. Nguo za wateja anazifua upya kabla hajawakabidhi. Mvua ikianza, namsikia akiacha kushona, kisha nasikia miguu ya cherehani ikiburutwa kuja ukutani. Hajanilaumu hata siku moja. Kila jioni anauliza kama kazi imeendelea, nami najibu inaendelea. Kitambaa nimekigeuzia ukutani, asione kwamba ni cheupe.

Hapo ndipo penye uchungu wangu, Ndugu Afisa. Siogopi ukimya, wala makopo, wala watu wa Ijumaa. Naogopa siku Siwema atakapokigeuza kitambaa kile. Naogopa kwamba ile picha ya kichwani haikuwemo tangu mwanzo, na kwamba nimemnyang'anya dirisha bure.

Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri wa Serikali, iseme kwamba chumba hiki kimekaguliwa na kuonekana hakifai kwa sanaa ya aina yoyote, ila kinafaa sana kwa ushonaji. Siwema anaheshimu muhuri. Atarudi dirishani kwake, nami nitarudi kuwa mtu aliyekosa chumba, kazi ambayo niliifanya miaka kumi na minane bila kuharibu chochote.

Wasalimie wote hapo ofisini, mpiga chapa wako na mlinzi wa getini, bila kumsahau yule ndugu aliyenirudishia fomu mwaka juzi kwa kuwa mahali palipoandikwa "kazi zako za sanaa" nilijaza "bado". Ndugu Boniphace, balozi wetu wa nyumba kumi, naye anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia nini. Nakomea hapa kwa sababu Clementi, fundi baiskeli, anapita kuelekea mjini na amekubali kuichukua barua hii.

Ni mimi, nisiye na kosa lolote,

Abdulkadiri Kudura
Mchoraji (mtarajiwa)

N.B. Alhamisi, 12 Machi. Nyongeza hii iko kwenye karatasi ya peke yake kwa kuwa barua ilishaondoka na Clementi juzi. Tafadhali futa maombi yote. Mashine ya kusaga ibaki Bunda, rangi ziendelee kuingia, na neno "picha" liachwe kama lilivyo. Kopo la kwanza nimelifungua jana, la kahawia. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania, ikabidi nitumie mkasi wa Siwema, na amenigombeza kwa haki.

Bibi Nyamburi amelala kwetu siku mbili, na leo yuko kwenye kigoda tangu alfajiri. Uso wake umekubali. Ameniamuru nimchore mdomo ukiwa wazi kidogo, meno yaonekane, kusiwe na ubishi baadaye. Shida ni mkono. Kidole chake cha shahada hakinyooki, kilivunjwa zamani na mpini wa jembe, na kila nikikichora kinatoka kidole cha mtu mwingine. Nimefuta mara tisa. Ndipo nikakumbuka kwamba juzi, nilipokwama kwenye lalamiko la tano, niligeuza karatasi nikawa nachezesha kalamu huku nikimtazama. Mkono huo uko nyuma ya ukurasa wa tatu wa barua yangu, na kwa ninavyokumbuka, niliupatia. Nauhitaji leo hii, kwa sababu kesho mama anarudi Suguti.

Anayekukabidhi karatasi hii ni Siwema mwenyewe. Mimi nilitaka kumtuma Clementi. Siwema akauliza barua ilihusu nini, nikajibu mambo ya ofisi, naye akaenda kuvaa viatu. Kwa hiyo mpe yeye ukurasa wa tatu. Upande wake wa mbele ndiko liliko lile lalamiko la tano, na nilikuwa nimekusudia kukuomba uukunje maandishi yawe ndani, umwambie asiufungue njiani. Usiukunje. Mwache asome. Mimi kumwambia kwa mdomo nimeshindwa miezi sita.